Kutoka Mlango wa Darasa hadi Kioo cha Simu: Safari ya Fomu 34A

Jioni ya Desemba 30, 2007, Wakenya walitangaziwa rais wakiwa hawana karatasi yoyote mkononi ya kulinganisha na walichoambiwa. Hesabu zilitoka vituoni, zikapita kwa wasimamizi wa maeneo bunge, zikafika KICC, ukumbi wa kujumlishia kura za taifa jijini Nairobi, na njia nzima mwananchi hakuwa hata na tundu la kuchungulia. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipokuja kuchunguza mwaka uliofuata, ilisema hesabu zilivurugika kiasi kwamba mshindi halisi hawezi kujulikana. Kufikia hapo zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameshauawa.

Naanzia huko kwa sababu kila tukifanya semina za elimu ya uraia, nikiuliza intaneti imebadilisha nini katika siasa zetu, majibu huwa ni yale yale: mabishano ya X, video za TikTok, vijana wa Juni 2024. Ni kweli, hayo yapo, na nitayagusa. Ila mimi nikiambiwa nichague kimoja tu, nachagua karatasi. Fomu 34A.

Hii ndiyo hati ya kwanza kabisa ya matokeo ya urais. Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo anajaza alichopata kila mgombea, mawakala wanatia saini, nakala inabandikwa mlangoni mwa kituo. Fomu hizo hujumlishwa kwenye 34B ya eneo bunge, halafu zote huishia kwenye 34C ya taifa. Mfumo mzuri, isipokuwa mlango mmoja husomwa na watu wa mtaa mmoja. Aliyepiga kura Lodwar angeusomaje mlango wa darasa la Likoni?

Mwaka 2013 mitambo ya kutuma matokeo ilikwama, tume ya uchaguzi (IEBC) ikarudi kwenye hesabu za mkono. Mwaka 2017 hesabu zilionekana mtandaoni usiku kucha, lakini zilikuwa namba tupu, bila picha za fomu zilikotoka. Tume yenyewe ilikuwa imesema mapema kwamba zaidi ya vituo 11,000 viko nje ya mtandao wa 3G. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi huo, majaji 4 dhidi ya 2. Miongoni mwa sababu, matokeo yalitangazwa kabla fomu zote za 34A hazijapatikana, na tume haikufungua seva zake jinsi mahakama ilivyoagiza.

Mabadiliko ya kweli yalikuja Agosti 2022. Kifaa cha KIEMS, kile cha kielektroniki cha kutambulia wapiga kura na kutuma matokeo, kilipiga picha fomu ya kila kituo, na tume ikaziweka picha hizo kwenye tovuti iliyo wazi kwa yeyote. Vituo vilikuwa 46,229. Ghafla mwanafunzi aliye bwenini, mzee anayetumia simu ya mjukuu, na Mkenya aliye Doha wakawa na karatasi ile ile iliyokuwa mbele ya makarani wa Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kujumlishia kura za taifa. Wengine walikesha wakijaza namba kwenye kompyuta zao. Televisheni nazo zikaanza kujumlisha, kila moja ikitoa hesabu tofauti na mwenzake, na watu wakashikwa na hofu. Hapakuwa na la ajabu: maelfu ya fomu, kila chumba cha habari kimeanzia kinapotaka, hesabu za katikati haziwezi kulingana.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha asilimia 0.01. Makamishna 4 kati ya 7 walikataa matokeo yaliyotangazwa Agosti 15, na kesho yake wakaeleza kwamba asilimia za wagombea zikijumlishwa zinafika 100.01. Ziada hiyo, walisema, ni kama kura 142,000. Watu wakatoa simu mifukoni, wakafungua kikokotoo. Kura halali zilikuwa takriban milioni 14.2, kwa hiyo asilimia 0.01 ni kura kama 1,400 hivi. Na hata hizo hazikuwa kura za mtu. Ni matokeo ya kukadiria asilimia hadi desimali mbili, jambo ambalo mtoto wa shule ya upili hulifanya kila wiki. Mwaka 2007 kauli kama ile ingesikika redioni na mtu asingekuwa na pa kuipimia.

Kesi ya kupinga matokeo hayo ilipofika Mahakama ya Juu, fomu za tovuti zililinganishwa na nakala za karatasi zilizopelekwa Bomas na zile walizopewa mawakala. Zilifanana. Zilizoletwa kama ushahidi wa udanganyifu ndizo zilizokataliwa. Kwa maneno mengine, picha ya mtandaoni ilisimama kwa sababu karatasi ilikuwepo nyuma yake.

Basi fomu inasomwaje? Tazama kwanza jina na namba ya kituo, maana picha nyingi zinazozungushwa WhatsApp zimekatwa hapo juu. Jumlisha kura za wagombea wewe mwenyewe uone kama zinafika idadi ya kura halali iliyoandikwa. Linganisha na idadi ya waliojiandikisha. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo ukiona 900, simama hapo hapo. Angalia saini za mawakala na sehemu ya maoni. Kosa la kujumlisha la karani aliyekesha hutokea, na halimaanishi wizi. Uzito uko kwenye tofauti kati ya nakala na nakala.

Tabia hii ya kusoma hati yenyewe haikubaki kwenye kura. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotoka, vijana waliupakua, wakaufafanua kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili na lugha za nyumbani. Maandamano na vifo vya Juni 25 vinajulikana, na siku iliyofuata Rais alikataa kuutia saini.

Ila tusijidanganye kwamba sote tuko mtandaoni. Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vibonye, haoni picha ya fomu, na bando la kupakua fomu za eneo bunge zima ni pesa ya unga kwa nyumba nyingi. Hata mwaka 2022 vituo zaidi ya 1,000 vilikuwa havina 3G. Huyo mwenye kabambe, ule mlango wa darasa ndio tovuti yake.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Usiku ule, kabla hujaingia mtandaoni, pitia kwanza kituoni kwako. Isome fomu iliyo mlangoni, ipige picha nzima, pembe zote nne zionekane, pamoja na jina la kituo. Ya kwenye tovuti ikipandishwa, ziweke mbili ubavu kwa ubavu.