Ruta ikiandika "shambulio", tazama kwanza namba ya poti

Picha ninayotumiwa mara nyingi kuliko zote ni ya ukurasa wa kumbukumbu za ruta (router ya intaneti ya nyumbani): mistari ishirini ya "DoS attack: ACK Scan", na chini yake swali, "Nimedukuliwa?" Hofu hiyo naielewa. Kifaa kinacholinda nyumba kikitaja shambulio, usingizi hauji.

Mimi hutazama kwanza poti ya chanzo, ile namba inayofuata anwani ya IP ya aliyetuma na kuonyesha aina ya huduma. Ikiwa ni 443 au 80, kwa kawaida hilo ni jibu la tovuti uliyoifungua mwenyewe. Simu yako inapoomba ukurasa, ruta huandika kwenye jedwali lake nani kaomba na kwa nani, ili jibu likirudi ijue pa kulipeleka. Maandishi hayo hayakai milele. Simu ikilala au mawasiliano yakikatika, ruta huyafuta, huku seva ya mbali, isiyo na habari, ikiendelea kutuma pakiti (vipande vya data) za mwisho. Zinafika mlangoni, hazina mwenyeji. Fayawoli, mlinzi aliye ndani ya ruta, inazitupa na kuziita shambulio, maana pakiti ya ACK (ya kuthibitisha mapokezi) isiyo na mazungumzo inafanana kweli na ya mpelelezi. Majibu ya DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP) yaliyochelewa, kutoka poti 53, ni vilevile. Ndiyo maana ukichunguza mwenye anwani unakuta Google, Amazon au Akamai.

Poti ya chanzo yaweza kughushiwa, ni kweli. Lakini pakiti hiyo imeshatupwa.

Wapo pia wapekuzi halisi. Tangu Mirai, programu hasidi ya 2016 iliyoteka vifaa vya mtandaoni kupitia poti 23 (ya Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali), kugongwa poti hiyo ni jambo la kila siku. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3, na tangu 2013 programu ya ZMap ilionyesha kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kuzipitia zote chini ya saa moja. Hakuna aliyekuchagua wewe.

Kinachonitia wasiwasi hakipigiwi kelele: mtu kuingia kwenye ukurasa wa usimamizi saa ambayo hukuwepo, mpangilio wa DNS kwenye ruta kubadilika, au kifaa chako chenye anwani inayoanza na 192.168 (yaani cha ndani ya nyumba) kugonga poti 23 za anwani nyingi za nje. Hapo nakichomoa kifaa hicho kwenye mtandao, narudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, nasasisha programu yake, naweka nenosiri jipya, na kuzima usimamizi wa kutoka nje.