Umaskini wa watoto si watoto wa maskini

Juzi tena, kwenye kikao cha wazazi huku kwetu Tabora, msemaji alisimama akasema umaskini wa watoto unakwisha, kwa sababu tumbaku imelipa na vijijini mabati yanang'aa. Akapigiwa makofi. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno.

Maana ya umaskini wa watoto ni fupi. Ni mtoto kukosa yale ambayo utoto hauwezi kuyasubiri: lishe, matibabu, shule, maji safi, choo, malazi, ulinzi. Anayekosa ni mtoto mwenyewe. Mfuko wa baba yake ni habari nyingine, japo zinakaa jirani.

Neno lenyewe limebeba zaidi ya tunavyodhani. Maskini limetoka kwenye Kiarabu, miskin, na wanazuoni wengi wa lugha hiyo walilihusisha na mzizi wa kutulia mahali, ule ule uliotupa maskani. Maskini, kwa maelezo yao, ni mtu aliyetulizwa na shida hata hawezi kusogea. Fukara, au fakiri, ni neno jingine, nalo la Kiarabu, na waliosoma madrasa wanajua kwamba aya ya zaka katika Qurani inawataja mafakiri na masikini kila mmoja peke yake. Wanazuoni wamebishana karne nyingi ni yupi kati yao aliye na hali mbaya zaidi, lakini wengi wao hawakuwahesabu kuwa mtu mmoja.

Nasi tulipolipokea tukalipanua. Mtoto wa tajiri akifiwa na mama yake, jirani anasema, "Maskini, mtoto wa watu!" wala hakuna anayemuuliza baba ana ng'ombe wangapi. Lugha yetu ilikwisha kukubali kwamba mtoto anaweza kuwa maskini ndani ya nyumba yenye mali.

Ndiyo maana hiyo "wa" inanikera. Watoto wa maskini ni watoto wa mzazi asiye na kitu. Umaskini wa watoto ni wa kwao wao. Nenda Urambo au Kaliua msimu wa kuchuma tumbaku. Nyumba ina bati, uani kuna pikipiki, na mtoto wa miaka kumi yuko shambani tangu alfajiri, majani mabichi yenye umande yakimgusa mikono. Nikotini hupenya kwenye ngozi, kichwa kikamzunguka, akatapika. Jioni yuko kwenye mabani, vibanda vya kukaushia tumbaku. Darasani jina lake linaitwa, haitikii mtu. Huyo ndiye aliyetulizwa asisogee.

Kipimo cha kipato hakimwoni. Chenyewe huchukua matumizi ya kaya nzima na kuyagawa, mtoto akihesabiwa kama sehemu ya mtu mzima, kana kwamba kila mmoja amepata fungu lake. Fungu likiishia mikononi mwa wakubwa, hesabu haibadiliki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na UNICEF ulionyesha kwamba asilimia 29 ya watoto wa Tanzania waliishi katika kaya zilizo chini ya mstari wa umaskini wa kipato. Walipohesabiwa wao wenyewe, waliokosa mahitaji matatu au zaidi walikuwa asilimia 74. Nimeirudia namba hiyo mara nyingi, na bado inaniuma.

Na uchumi wa kati, ule tulioutangaziwa na Benki ya Dunia Julai 2020, ni wastani tu: pato la taifa likigawanywa kwa watu wote. Ni habari njema, nami naifurahia kwa dhati. Ila haikumhoji mtoto yeyote.

Kwa hiyo, ndugu yangu msemaji, mabati umeyaona kweli, na ni haki kuyasifu. Siku nyingine sema kipato cha kaya zetu kimepanda. Ukitaka kusema umaskini wa watoto umepungua, pitia kwanza shuleni mwezi wa Machi, tumbaku ikichumwa, umwombe mwalimu daftari la mahudhurio.