Urithi wa familia ya walowezi na desturi ya utumishi: maana yake

Katika majimbo ya magharibi ya Marekani, mgombea akijieleza kwa wapiga kura mara nyingi huanzia mbali: ukoo wake ulifika lini na ulifungua mji gani. Huo ndio urithi wa familia ya walowezi. Vizazi vilivyofuata vikishika kazi za umma, watu husema familia ina desturi ya utumishi.

Chukua ukoo wa Udall. Mwaka 1880 Kanisa la Wamormoni, dhehebu lililoanzia Marekani, lilimtuma David King Udall kwenda St. Johns, Arizona, awe askofu. Usifikirie joho na fimbo. Askofu wa Kimormoni hakuwa na mshahara. Aliishi kwa jembe lake huku akisuluhisha ugomvi wa waumini. Mwaka 1885 alifungwa kwa kosa la kiapo cha uongo kuhusu shamba la jirani yake, Miles Romney, baba wa babu yake Mitt Romney, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2012. Rais Grover Cleveland akamsamehe mwaka huohuo. Habari kama hiyo huioni kwenye mabango ya kampeni.

Msomaji wa Kenya akisikia walowezi hukumbuka ardhi iliyochukuliwa, na hakosei. Arizona ilikuwa na wenyewe, na hadi 1948 wenyeji hao walioishi kwenye maeneo waliyotengewa walinyimwa kura kwa hoja kwamba wako chini ya ulezi wa serikali. Wanaume wawili wa kabila la Yavapai walikataliwa kuandikishwa, wakaenda mahakamani. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo iliyowapa haki iliandikwa na Jaji Levi Udall, mwana wa yule askofu. Kwangu mimi, desturi ya utumishi hupimwa hapo, kwa sababu viti peke yake ni hesabu ya majina: Stewart, mwana wa Levi, alikuwa waziri wa ardhi na hifadhi za taifa 1961 hadi 1969, ndugu yake Morris aligombea kiti cha Baraza la Wawakilishi alichokiacha Stewart, akakikalia miaka 30, na watoto wao, Tom na Mark, waliingia Seneti pamoja mwaka 2009.

Stewart alipotoka serikalini alirudia uwakili, akawatetea Wanavajo, kabila jingine la wenyeji, waliochimba urani ya mabomu bila kuonywa kuhusu mionzi. Alishindwa mahakamani, akalishinikiza Bunge hadi sheria ya fidia ikapita mwaka 1990.