Nani mkubwa kwa nani? Dhana potofu kuhusu ukuu na upandishaji vyeo vya maafisa wa jeshi

Desemba 1944 Marekani iliwavika maafisa wake saba nyota tano, alama ya cheo kilicho juu ya jenerali au admirali wa kawaida. Hawakuvikwa siku moja. Leahy alipewa tarehe 15, Marshall 16, King 17, MacArthur 18, Nimitz 19, Eisenhower 20 na Arnold 21. Vita vilikuwa vimepamba moto Ulaya na Pasifiki, na bado kulikuwa na mtu aliyekaa chini akapanga tarehe zile moja baada ya nyingine, wa majini akipishana na wa nchi kavu. Alijua kwamba ukiwapa watu wawili cheo kimoja bila kusema nani ametangulia, umewapandia ugomvi.

Dhana: Kanali na kanali ni sawa

Begani wanafanana. Kwenye orodha ya ukuu, yaani nani yuko mbele ya nani, hawafanani kamwe. Kinachotazamwa kwanza ni tarehe ya kupata cheo. Tarehe zikilingana, hurudiwa tarehe za cheo cha chini yake, na ikibidi hurudiwa nyuma hadi siku ya kamisheni, yaani siku mtu alipofanywa afisa. Katika majeshi mengi wahitimu wa kozi moja hupangwa kwa alama walizopata chuoni, kwa hiyo mtihani alioufanya kijana akiwa luteni usu mtarajiwa unaweza kumfuata hadi akiwa brigedia jenerali.

Raia huona huku ni kuhesabu punje za mchele. Lakini kamanda akianguka vitani hakuna nafasi ya kuitisha kikao. Anayemfuata kwa ukuu anashika amri pale pale, na kila mmoja awe anamjua kabla risasi ya kwanza haijalia.

Dhana: Aliyetumikia miaka mingi ndiye mkubwa

Miaka ya utumishi na ukuu ni vitu viwili. Afisa anaweza kupewa ukuu wa nyuma, yaani tarehe ya cheo chake irudishwe mapema kuliko siku aliyokipata, na anaweza pia kunyang'anywa. Nchini Uingereza, kupoteza ukuu ni adhabu inayotajwa na sheria ya majeshi ya mwaka 2006: afisa anabaki na cheo chake, ila wenzake wa nyuma wanampita.

Dhana: Foleni ni foleni, wa mbele apande kwanza

Hapa ndipo machungu mengi yanapoanzia, kwa sababu dhana hii ina ukweli nusu. Vyeo vya chini hupatikana zaidi kwa muda: maliza miaka yako, faulu kozi zako, usiharibu kazi. Kuanzia umeja na kuendelea nafasi hupungua haraka, na bodi ya uteuzi huanza kuchambua mafaili. Kufikia hapo, kutangulia kunakupa haki ya kufikiriwa tu. Afisa ambaye hakuelezwa tofauti hiyo mapema huona ameibiwa, na simlaumu.

Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1980, kapteni au meja anayekosa kuchaguliwa mara mbili kwa kawaida hulazimika kuondoka jeshini. Hajakosa nidhamu, wala hajashindwa kazi. Piramidi imembana tu.

Juu kabisa, mamlaka ya kiraia huamua. Marshall alipoteuliwa kuwa mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu mwaka 1939 aliwaruka majenerali waliomtangulia, na historia haimlalamikii. India ilikuwa na desturi ya kumchukua aliye mbele kuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu, kisha mwaka 1983 serikali ikampita Luteni Jenerali S. K. Sinha na kumteua A. S. Vaidya. Sinha alijiuzulu. Mwaka 2016 Bipin Rawat aliteuliwa mbele ya wakubwa wake wawili, Praveen Bakshi na P. M. Hariz. Serikali ilikuwa na haki mara zote mbili. Ila nadhani desturi ya miaka mingi ikivunjwa, aliyerukwa anastahili kuelezwa sababu, kwani ukimya huacha kila mtu ajaze ya kwake: siasa, kabila, urafiki.

Dhana: Ni majivuno tu

Mengine ni majivuno, sikatai. Mwaka 1828 kamanda mkuu wa jeshi la Marekani, Jacob Brown, alifariki. Winfield Scott na Edmund Gaines walikuwa wamepata ubrigedia siku ile ile, 9 Machi 1814, na vyeo vyao vya heshima vilipishana kwa wiki tatu. Walibishana kwa barua kali hata Rais John Quincy Adams akachoka na wote wawili, akampa nafasi Alexander Macomb.

Mara nyingi, hata hivyo, kuna swali la kweli la kisheria. Mwaka 1861 Jefferson Davis, kiongozi wa majimbo ya kusini mwa Marekani yaliyojitenga, aliwapanga majenerali wake watano, na Joseph E. Johnston akajikuta wa nne. Katika jeshi la zamani alikuwa brigedia jenerali, huku Robert E. Lee, aliyewekwa mbele yake, akiwa kanali. Sheria yao iliahidi kulinda ukuu wa zamani. Upande wa Davis ulijibu kwamba ubrigedia wa Johnston ulikuwa wa idara ya ugavi, usiompa amri juu ya wapiganaji. Hoja zote mbili zina uzito. Zingeamuliwa na jopo huru mapema, wawili hao wasingeingia vitani wakiwa na kinyongo kilichodumu hadi mwisho.

Tena ukuu unagusa maisha ya nyumbani. Umri wa kustaafu huenda na cheo, na pensheni vilevile. Mtu aliyecheleweshwa cheo mwaka mmoja anaweza kufikia umri wa kustaafu kabla bodi inayofuata haijakaa.

Dhana: Afisa anayelalamika amekosa nidhamu

Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa huwanyamazisha wale walio waaminifu. Nidhamu inakataza kugoma na kushawishi askari. Haikatazi kuandika malalamiko kwa njia iliyowekwa. Marekani ina bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi. Faili likigundulika lilifika kwenye uteuzi likiwa na kosa, linaweza kupelekwa kwa bodi maalumu na kulinganishwa na mafaili ya waliopanda na waliokosa wakati ule. India ina mahakama ya majeshi iliyoundwa na sheria ya 2007. Uingereza hutoa kwa kawaida miezi mitatu ya kuwasilisha lalamiko.

Kungoja "mambo yatulie" ndiko kunakoua kesi. Jenerali V. K. Singh, mkuu wa jeshi la nchi kavu la India, alikuwa na tarehe mbili za kuzaliwa kwenye kumbukumbu: 10 Mei 1950 na 10 Mei 1951. Mwenyewe alishikilia ya pili. Alipoishitaki serikali, Mahakama ya Juu ya India ilizingatia kuwa miaka ya nyuma alikuwa amekwisha kuikubali ya kwanza kwa maandishi. Februari 2012 aliondoa shauri lake, na 31 Mei mwaka huo akastaafu kwa tarehe ya 1950.