Uchafu Unaotiwa kwa Kipimo Ndani ya Paneli ya Sola

Silikoni ya kutengenezea paneli za sola husafishwa kwa gharama kubwa, mpaka isibaki hata atomu ngeni moja katika milioni. Kisha mtengenezaji huyo huyo huitia uchafu kwa makusudi. Bila uchafu huo, paneli ingekuwa kigae ghali tu juu ya paa.

Silikoni safi hupitisha umeme kwa shida. Kila atomu yake ina elektroni nne za nje, na zote nne zimefungamana na atomu nne jirani. Katika joto la kawaida la chumba, elektroni chache mno hukatika kwenye vifungo hivyo: moja kwa kila atomu trilioni 5, kwa makadirio.

Sasa weka atomu ya fosforasi mahali pa atomu moja ya silikoni. Fosforasi ina elektroni tano za nje. Nne zinapata majirani, ya tano inabaki haina kazi. Kuing'oa elektroni hiyo kunahitaji nishati ya elektroni-volti (kipimo kidogo cha nishati) 0.045 tu, ilhali kukata kifungo cha silikoni kunahitaji 1.12. Joto la chumba linatosha kuziachia karibu zote. Kwa hiyo fosforasi moja katika atomu milioni 5 huongeza elektroni huru mara milioni moja. Sijui fani nyingine ambayo kiasi kidogo hivyo huleta mabadiliko makubwa namna hiyo.

Fuwele ya namna hii huitwa aina ya N, kutokana na neno "negative" (hasi), na wanafunzi wengi hudhani ina chaji hasi. Haina. Kila fosforasi ilikuja na protoni zake 15 pamoja na elektroni zake 15, kwa hiyo hesabu inalingana. Kilichoongezeka ni elektroni zinazoweza kutembea.

Boroni hufanya kinyume. Ina elektroni tatu za nje, hivyo kifungo kimoja kinapungukiwa na elektroni, na upungufu huo tunauita tundu. Elektroni ya jirani huingia humo na kuacha tundu ilikotoka. Ni kama benchi la wagonjwa zahanati: wa mbele akiitwa kwa daktari, kila mmoja anasogea, na nafasi tupu inarudi nyuma hadi mwisho wa benchi. Tundu husafiri kama chaji chanya, na fuwele hiyo ni aina ya P, yaani "positive" (chanya).

Aina hizi mbili ziligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1940, Russell Ohl wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu huko Marekani, alikuwa akipima kipande cha silikoni chenye ufa, akaona kikimulikwa kinazalisha volti karibu nusu. Upande mmoja ulikuwa P, wa pili N. Wenzake Jack Scaff na Henry Theuerer walifuatilia chanzo hadi kwenye uchafu uliojitenga silikoni ilipokuwa ikiganda. Fosforasi ilikuwa kidogo kiasi kwamba pua zao ziliitambua kabla ya vyombo.

Seli ya sola ya leo inafuata kanuni ile ile. Pale P na N zinapokutana, elektroni huvuka upande mmoja na matundu upande mwingine, na nyuma yao hubaki atomu za fosforasi zenye chaji chanya na za boroni zenye chaji hasi, zisizoweza kuhama. Hizo hujenga uga wa umeme. Mwanga ukikata kifungo karibu na hapo, uga huisukuma elektroni kwenye N na tundu kwenye P. Seli moja hutoa takribani volti 0.6, ndiyo maana paneli ya kuchaji betri ya volti 12 kwa kawaida huwa na seli 36.

Lakini si kila uchafu unakaribishwa. Chuma, hata kikiwa kidogo sana, huzinasa elektroni na matundu kabla hazijafika kwenye nyaya. Boroni nayo ina kasoro: ikikutana na oksijeni ndani ya fuwele, seli hupoteza sehemu ya nguvu zake mara tu inapoanza kupigwa na jua. Kwa sababu hiyo viwanda vingi vimehamia kwenye elementi ya gali (gallium), ambayo nayo ina elektroni tatu za nje lakini haina tatizo hilo na oksijeni.