Ulimi nao unataka mzigo

Binti mmoja alimleta kwangu, kwenye mazoezi ya kumeza, baba yake kutoka Kibosho, miezi miwili baada ya kiharusi. Mzee alikuwa akipaliwa na chai, na mtori ulibaki kwenye shavu la kulia. "Mazoezi anafanya kila siku," binti akaniambia. Nikamwomba mzee anionyeshe. Akatoa ulimi nje, akaupeleka kushoto, kulia, juu, chini. Moyo uliniuma, maana bidii ilikuwepo, ila ulimi haukusukuma kitu.

Ulimi ni misuli, na misuli isipolemewa haiongezi nguvu. Anayepunga mkono hewani hapati mkono wa mama anayeshusha mikungu ya ndizi soko la Mbuyuni. Kwa hiyo ulimi lazima usukume kitu. Kipo kifaa chenye kiputo cha hewa: mgonjwa anakibana kwa ulimi dhidi ya kaakaa, nacho kinasoma nguvu ya msukumo kwa kipimo cha kilopaskali. Ukishajua nguvu yake ya juu kabisa, unaanza na asilimia 60 yake, kisha 80. Pasipo kifaa natumia kile kijiti bapa cha kukandamizia ulimi: mimi nashikilia, yeye anasukuma. "Baba, sukuma kama unanifukuza!" Mara 10, awamu tatu kwa siku, siku tatu kwa wiki, wiki nane. Siku za katikati misuli inapumzika.

Je, inasaidia? Mwaka 2007 mtafiti JoAnne Robbins na wenzake, Marekani, waliwafanyisha zoezi hili wagonjwa 10 wa kiharusi kwa wiki nane. Ndimi zilipata nguvu, na vinywaji vikapungua kuingia njia ya hewa. Mimi naliamini zoezi hili, ila watu 10 bila kundi la kulinganisha hawatoshi kumwapia mtu kwamba atapona. Kwa waliopigwa mionzi ya saratani ya mdomo na koo, utafiti wa Cathy Lazarus na wenzake wa 2014 haukuona waliofanya zoezi hili wakiwapita, kwa nguvu ya ulimi wala kwa umezaji, wale waliopata tiba ya kawaida peke yake.

Kwenye kuongea nasema wazi: usitegemee zoezi hili. Matamshi yanatumia sehemu ndogo tu ya nguvu ya ulimi. Anayetaka kutamka vizuri afanye mazoezi ya kutamka: majina ya wajukuu, salamu, bei za sokoni.

Mzee wetu yuko wiki ya tano. Mtori haubaki tena shavuni. Chai bado anapewa kijiko kwa kijiko, kidevu kikiwa kimeinama, na binti amekaa mbele yake.