Kwa nini mguu wa kushoto huitafuta klachi isiyokuwepo?

Ni siku yako ya kwanza kwenye gari la otomatiki baada ya miaka 15 ya gia za mkono. Taa za barabarani zinageuka nyekundu, unapunguza mwendo kama kawaida, na ghafla gari linasimama kama limegonga ukuta. Mkoba uliokuwa kwenye kiti cha pembeni uko sakafuni. Aliye nyuma yako anapiga honi kwa hasira. Unatazama miguuni: mguu wa kushoto umeikandamiza breki hadi mwisho. Ulifuata nini huko?

Ulifuata klachi, na hukuutuma. Ulikwenda wenyewe.

Dereva anayejifunza huwaza kila hatua: achia mafuta, kanyaga klachi, ingiza gia, achia klachi polepole. Ndiyo maana ukimsemesha anachanganyikiwa. Marudio yakishafika maelfu, kazi hiyo huhamia sehemu za ndani zaidi za ubongo, pamoja na ule ubongo mdogo ulioko kisogoni, ambazo huendesha mazoea bila kusubiri uwaze. Sasa unaweza kubadili gia huku unasimulia habari za jana. Mazoea ya namna hiyo husubiri ishara tu: mlio wa injini ushuke, gari likaribie kusimama, na mguu umeshateremka. Gari la otomatiki lina ishara zile zile. Kinachokosekana ni pedali, na mguu hauna macho.

Kwa hiyo anayetaabika si dereva mbovu. Aliyejifunzia otomatiki tangu mwanzo hajui hata tunazungumzia nini. Aliyeimudu klachi barabara ndiye anayeaibika kwenye mataa.

Lakini kwa nini gari lisimame kwa kishindo kile? Kwa sababu miguu miwili ya dereva imesomea kazi tofauti. Wa kulia umezoea kupima: kuminya breki kidogo, kuongeza, kulegeza gari linapokaribia kutulia. Wa kushoto haujawahi kupima wakati wa kushuka. Klachi hukanyagwa yote, haraka, na ustadi wake wote uko kwenye kuiachia. Ukiukabidhi breki, utaikanyaga kama klachi. Breki nayo ina sevo, kifaa kinachoizidisha nguvu ya mguu wako, kwa hiyo mkanyago uliokuwa wa kawaida kwa klachi unakuwa mkubwa mno. Na kana kwamba haitoshi, magari mengi ya otomatiki yana pedali ya breki pana, iliyotanuka kuelekea kushoto, karibu kabisa na mahali mguu ulipozoea kutua.

Dawa yake ni ya kitoto, na inafanya kazi: siku za mwanzo, rudisha mguu wa kushoto nyuma, karibu na kiti, badala ya kuuacha pale mbele. Ukitaka kukurupuka, safari iwe ndefu na ushtuke njiani. Wapo watakaokushauri utumie mguu mmoja kwa breki na mwingine kwa mafuta, kama wafanyavyo baadhi ya madereva wa mashindano. Mimi nisingekushauri. Wale wamezoeza mguu wa kushoto kupima breki kwa muda mrefu. Wako bado ni mtumishi wa klachi.

Sasa, klachi yenyewe imekwenda wapi? Kazi zake ni mbili: kuitenga injini na magurudumu gari likisimama, na kuviunganisha tena taratibu gari linapoondoka. Kwenye otomatiki ya kawaida kazi hiyo hufanywa na mafuta ya gia. Chukua feni mbili zinazotazamana, moja imewashwa, nyingine imezimwa. Upepo wa ya kwanza utaizungusha ya pili ingawa hazigusani. Weka mafuta mahali pa upepo, zifunge zote ndani ya chungu cha chuma, na umepata tokikonveta. Feni ya kwanza huzungushwa na injini, ya pili hupeleka nguvu kwenye gia. Katikati yake huwekwa gurudumu la tatu linaloyageuza mafuta yanayorudi ili yaisaidie feni ya kwanza, na hapo nguvu ya kuzungusha huweza kuongezeka kufikia karibu mara mbili wakati gari linaanza kuondoka.

Ukielewa hizo feni, mambo mengi yaliyokushangaza yanajieleza. Gari halizimi ukisimama na gia ikiwa ndani, kwa sababu mafuta hukubali kuteleza: feni moja inazunguka, nyingine imetulia. Ukiachia breki, gari hutambaa lenyewe kabla hujagusa pedali ya mafuta, kwa sababu feni ya kwanza haiachi kuvuma. Huko kutambaa humtisha sana mtu wa klachi, ingawa ndiko kunakokusaidia kwenye foleni, kuegesha mahali pembamba, au kuondoka kwenye kilima kidogo bila ule mchezo wa handbreki.

Kuteleza huko kuna gharama: mafuta hupata moto, na nguvu hupotea. Otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors, ilitangazwa mwaka 1939 na tayari ilitumia kiungo cha mafuta, ingawa bila lile gurudumu la tatu. Mwaka 1949 Packard, watengenezaji wengine wa magari wa Marekani, waliongeza kitu ambacho mguu wako wa kushoto ungefurahi kukisikia: klachi. Gari likishashika mwendo, klachi hiyo huzifunga feni mbili zizunguke pamoja, kuteleza kukome. Leo ni jambo la kawaida. Ndani ya giaboksi zimo na klachi nyingine, sahani nyembamba zilizopangwa kwa safu na kulowa mafuta, zinazoshika na kuachia gia moja baada ya nyingine. Klachi zimekuwa nyingi kuliko zamani, ila hakuna hata moja inayokuhitaji.

Mkono nao una ukaidi wake. Kwenye gia za mkono, ukijaribu kuingiza rivasi gari likiwa bado linakwenda mbele, meno yanapiga kelele na gia inakataa. Otomatiki ya zamani hukubali kimyakimya, na sahani zile ndizo zinazoumia. Simama kabisa kwanza. Kuhusu mpangilio wa P (kuegesha), R (rivasi), N (nyutro) na D (kwenda mbele), usidhani ulikuwepo tangu mwanzo. Zipo otomatiki za awali zilizoweka rivasi mwishoni, jirani na gia nzito ya kwendea mbele, mpaka kanuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1968 ikataka nyutro ikae katikati ya kwenda mbele na kurudi nyuma.

Na lile sharti la kukanyaga breki kabla ya kutoa gia kwenye P? Linahusiana na miguu iliyopotea njia. Miaka ya 1980 huko Marekani kulikuwa na malalamiko mengi ya magari yaliyochomoka yenyewe, hasa Audi 5000. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 1989 uliona kwamba sababu kubwa kwa jumla ilikuwa madereva kukanyaga mafuta wakidhani wamekanyaga breki. Kufuli la breki kwenye wenzo wa gia likaenea kote. Yaani mguu unaokwenda pasipotakiwa si aibu yako peke yako; kuna kifaa kizima kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Yapo ambayo mafuta hayatakufanyia. Kwenye mteremko mrefu, D huelekea kupandisha gia na kukuachia breki pekee, hadi zipate moto. Shusha gia mwenyewe kwa L, 2 au alama ya kutoa (−) kwenye wenzo. Nyutro mteremkoni usithubutu. Ukiegesha, P ni jino dogo la chuma linaloshika giaboksi isizunguke, kwa hiyo vuta handbreki kabla ya kuachia breki, uzito wa gari usilielemee jino. Betri ikifa, kusukuma hakusaidii: pampu ya mafuta ya gia huzungushwa na injini, na injini isipozunguka hakuna msukumo wa mafuta wa kuunganisha chochote. Ndiyo sababu pia otomatiki haivutwi kwa kamba umbali mrefu, kwani gia zitazunguka bila kulainishwa.

Tahadhari moja zaidi: si kila gari la pedali mbili lina hizo feni. Lipo la mkanda, CVT, na lipo la klachi mbili kavu au za mafuta zinazoendeshwa na kompyuta. Kwenye hili la mwisho, kulishikilia gari kilimani kwa pedali ya mafuta badala ya breki ni kuunguza klachi, kama ulivyoonywa ulipokuwa unajifunza.

Baada ya siku kadhaa mguu hutulia. Haujasahau, umelala tu, na mshtuko huuamsha: kitu kikikatiza ghafla mbele yako, unaweza kukuta miguu yote miwili juu ya ile breki pana. Kisha siku moja utaazimwa gari la klachi. Utafika kwenye mataa, utaminya breki kwa ustadi kabisa, na injini itatikisika mara mbili na kuzima, mguu wa kushoto ukiwa umejikunja karibu na kiti, pale pale ulipoufundisha kukaa.